Mke Si Mgeni Nyumbani Mwake



Mwaka 1467 Lucrezia Tornabuoni, mke katika ukoo wa Medici uliotawala Florence, Italia, kwa fedha na hila, alikwenda Roma kumtafutia mwanawe Lorenzo mchumba. Huko alimwona Clarice Orsini, binti wa ukoo mkubwa, akaandika barua nyumbani kueleza kimo, nywele na mikono yake. Harusi ilifanyika Florence mwaka 1469.

Clarice aliolewa kwa faida ya koo mbili. Hata hivyo, alipokuwa mama hakukaa kama mgeni. Mwaka 1479 alikosana na mwalimu wa watoto, Poliziano, mshairi na rafiki mpenzi wa Lorenzo. Mama alitaka watoto wasome Zaburi. Mwalimu alipendelea vitabu vya wapagani wa kale. Clarice akamfukuza. Lorenzo hakupendezwa, lakini alimpa rafiki yake makao mengine, na watoto wakapata mwalimu mwingine.

Bwana, mkeo akisema neno juu ya watoto, je, wamsikiliza, au mama yako na rafiki zako ndio waamuzi? Bibi, je, wasema waziwazi, au wanung'unika jikoni?

Leo usiku, watoto wakishalala, zungumzeni jambo moja mnalolikwepa. Kisha salini pamoja.