Chama cha Mafundi ni cha Nini?

Vikundi kadhaa huku Kinoo vinatuambia, "Tunataka tuandikishe chama cha mafundi ili tupate msaada." Vizuri. Lakini kwanza tuwaangalie waliotangulia.

Huko Ulaya ya zamani, watu wa kazi moja waliungana mjini. Wafumaji wa London walipata hati ya mfalme mwaka 1155. Kijana alikaa kwa fundi miaka, mara nyingi saba, ndipo akaruhusiwa kujitegemea. Chama kilikagua bidhaa, kikamtoza faini aliyepunja, kikasaidia wajane. Lakini pia kilifunga mlango, na asiye jamaa ya fundi alihangaika kuingia. Ufaransa ilivifuta vyama hivyo mwaka 1791.

Kwetu, wahunzi wa Wakikuyu hawakuhitaji hati. Ufundi ulikaa ndani ya jamaa, na laana ya mhunzi iliogopwa sana.

Sasa Kamukunji, kule Nairobi upande wa steji ya Machakos. Mafundi waligonga mabati bila paa juu yao, ndiyo maana ya jina jua kali. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ilisema kazi kama hizi zisaidiwe, zisisumbuliwe. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea, akaahidi vibanda, na vikajengwa. Mafundi nao wakahimizwa waunde vyama.

Hapa ndipo tusimame kidogo. Vyama vingi vya jua kali nchini vilizaliwa kwa sababu ya ploti. Hilo si kosa, maana bila mahali pa kukaa utamfundisha kijana wapi? Lakini ploti ikishagawanywa, mikutano inapungua, na vingine vimelala kabisa. Mafunzo yanaendelea nje ya chama. Mzazi anapatana na fundi, analipa ada, kijana anaanza kwa kunyoosha bati, halafu kukata, halafu kuunga, mpaka siku atoe karai au sanduku la shule linalouzika. Mkaguzi ni mama anayenunua tu. (Na huyo, tunavyoona sisi, ni mkali kuliko afisa yeyote.) Anayetaka cheti anakwenda mwenyewe kufanya mtihani wa ufundi wa serikali.

Basi kabla ya kwenda kuandikisha, kaeni mjibizane. Ploti ikishapatikana, mwaka wa pili tutakutana kufanya nini? Nani atakagua kazi ya mwenzake, na akikuta ni mbovu, atasema? Mtoto wa maskini asiye na ada ataingia kwa mlango gani? Na fundi akifariki, nyundo zake na nafasi yake kwenye kibanda zitakwenda kwa mjane wake au kwa rafiki ya mwenyekiti? Katibu aandike majibu kwenye kitabu cha mikutano, hata kama mmebishana.