Susanna Wesley na Watoto Wake

Susanna alizaliwa London mwaka 1669, akaolewa na Samuel Wesley, kasisi wa Kanisa la Uingereza. Wakakaa miaka mingi Epworth, mji mdogo katika jimbo la Lincolnshire. Walijaliwa watoto 19, lakini 9 katika hao walikufa wangali wachanga. Wala hawakuwa matajiri. Mwaka 1705 baba alitiwa kifungoni kwa ajili ya deni, mama akabaki peke yake na watoto.

Nyumba ile ilikuwa na amri zake. Mtoto alipoweza kusema tu, alifundishwa Sala ya Bwana, akaisema asubuhi na jioni. Alipotimiza miaka mitano aliketishwa kujifunza herufi, na karibu wote walizijua kwa siku moja. Wawili tu walihitaji siku moja na nusu. Kisha walianza kusoma kitabu cha Mwanzo, mlango wa kwanza. Masomo yalikuwa tangu saa tatu hata saa sita, tena tangu saa nane hata saa kumi na moja. Binti hakupewa kazi ya kushona mpaka ajue kusoma vizuri, jambo ambalo siku zile halikuwa desturi ya watu wengi.

Fimbo nayo ilikuwapo, na watu wa leo huona ya kuwa mama huyo alikuwa mkali mno kwa watoto wadogo. Lakini mtoto aliyeungama kosa lake na kuahidi kujirekebisha hakupigwa, maana mama alijua kwamba hofu ya fimbo ndiyo iwafundishayo wengi kusema uongo. Wala mtoto hakuwa na ruhusa kutwaa kitu cha nduguye, hata kikiwa pini.

Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 nyumba ikashika moto. Watoto wote walikwisha kutolewa, ila John, mwenye miaka mitano, aliyeachwa juu katika usingizi. Alipoamka alipanda dirishani, na mtu mmoja akasimama juu ya mabega ya mwenziwe, akamtwaa. Punde dari ikaanguka.

Hasara haikuwa ya nyumba tu. Watoto walitawanywa katika nyumba za watu mbalimbali, na waliporudi walikuwa wamejifunza maneno ya ovyo na nyimbo mbaya, wala hawakuijali tena siku ya Bwana. Kazi ya miaka mingi ilikuwa imeharibika. Mama akaanza upya. Akaweka desturi ya kuimba zaburi wakati wa kuanza masomo na wakati wa kuyamaliza, na mtoto mkubwa kumsomea mdogo Maandiko.

Baadaye alisomewa habari za wamisionari wawili waliotumwa Bara Hindi na mfalme wa Denmark, akaguswa sana moyoni. Yeye hakuweza kwenda Bara Hindi. Alikuwa na watoto. Basi akakusudia kuketi na kila mtoto peke yake, jioni moja katika juma, na kuzungumza naye habari za roho yake. Jumatatu ilikuwa ya Molly, Jumanne ya Hetty, Jumatano ya Nancy, Alhamisi ya John, Ijumaa ya Patty, Jumamosi ya Charles, na Jumapili ya Emily na Sukey.

Msomaji asidhani kwamba malezi hayo yaliondoa huzuni yote. Hetty, aliyekuwa na akili nyingi, alikosa alipokuwa mtu mzima, na baba yake akakataa kumsamehe. Mwaka 1726 John alihubiri mbele ya baba yake juu ya upendo uwapasao wakosaji, kwa ajili ya dada yake, na mzee akachukizwa sana.

John alipokuwa mwalimu katika chuo cha Oxford, naye amekwisha kupita umri wa miaka 25, alimwandikia mama yake kumwomba ampe tena, kwa sala na kwa fikira, sehemu ile ndogo ya jioni ya Alhamisi aliyompa alipokuwa mtoto.

Susanna alifariki London mwezi wa Julai 1742. John na dada zake walikuwapo kando ya kitanda. Alikuwa amewaagiza kwamba mara atakapokata roho wamwimbie Mungu zaburi ya sifa. Nao wakaimba.