SOMO LETU: KWA NINI SPIKA HUPATA MOTO?



Spika ya mikutano hununuliwa kwa michango ya wanachama. Ikiungua katikati ya mkutano, wenzetu waliokaa nyuma hawasikii tena yanayoamuliwa kwa niaba yao. Kwa hiyo yafaa kila mwanachama ajue kinachoiunguza.

Nyuma ya karatasi ya spika kuna koili, yaani waya mwembamba, mara nyingi wa shaba, uliozungushwa na kupakwa vanishi. Koili hukaa katika mwanya wa sumaku. Umeme wa amplifaya ukipita, koili husukumwa mbele na nyuma, karatasi hutikisa hewa, nasi husikia sauti.

Lakini waya una ukinzani, na ukinzani hugeuza umeme kuwa joto. Katika spika ya kawaida ya sanduku, mara nyingi ni sehemu 1 au 2 tu katika kila 100 za umeme zinazokuwa sauti. Ukiipa wati 100, zaidi ya wati 95 huwa joto, ndani ya koili inayoenea kiganjani. Sabufa, ile spika ya sauti nzito, hupewa wati nyingi zaidi, ndiyo maana hupata moto zaidi.

Hapo pana mtego. Shaba ikipata moto, ukinzani wake huongezeka. Joto la koili likipanda kwa nyuzi 100 za Sentigredi, ukinzani huongezeka kwa karibu sehemu 39 katika kila 100. Umeme unaopita hupungua, sauti hufifia. Mwendeshaji asiyejua huongeza sauti. Joto huzidi, vanishi na gundi huungua, na koili hukatika.

Walio viwandani wanaijua mota iliyokwama: umeme unaingia, haizunguki, inaungua. Spika ni hivyo hivyo. Koili ikicheza husukuma hewa inayoipoza kidogo. Ukiijaribu kwa betri ya gari ya volti 12, koili husukumwa upande mmoja na kusimama. Kama ina ukinzani wa omu 8, hula wati 18, na zote ni joto.

Basi tushike haya:

1. Sauti ikikwaruza, punguza. Amplifaya iliyozidiwa huongeza joto katika koili.
2. Sauti ikififia baada ya kazi ndefu, usiongeze. Ipumzishe spika, watu wasogee karibu.
3. Kwa hotuba uwanjani, tumieni spika ya tarumbeta. Kwa wati zile zile hutoa sauti kubwa zaidi.
4. Iwekeni kivulini.

Maswali ya kujadili tawini:

(a) Kwa nini sauti hufifia spika ikipata moto?
(b) Nani katika tawi letu amekabidhiwa amplifaya, naye amefundishwa haya?