Siumwi, nipime homa ya ini C ya nini?

*Daktari, nina miaka 58. Mwaka 1988 niliongezewa damu nilipojifungua. Naambiwa nipime homa ya ini C, lakini siumwi popote. Kuna haja? – Mama Z., Tanga*

Haja ipo, mama. Kirusi hiki kiligunduliwa 1989, kwa hiyo damu uliyopewa haikupimwa, nacho hukaa kwenye ini miaka mingi kimyakimya. Utaanza na kipimo cha kingamwili. Kikiwa chanya usishtuke: hata aliyepona bila dawa hubaki nazo. Kipimo cha pili ndicho husaka kirusi chenyewe. Kikionekana, vidonge, mara nyingi vya wiki 12, huponya zaidi ya 95 kati ya 100. Kula na wajukuu sahani moja hakuna neno. Wembe tu msiazimane. Macho yakigeuka manjano au tumbo likijaa maji, nenda hospitali siku hiyohiyo.