Moto Usio na Moshi kwa Baridi ya Julai

Wadogo zangu, baridi ya Julai hapa Rongai mnaijua. Jua likishazama, mtu anaingiza jiko la makaa ndani, anafunga mlango na dirisha, analala. Hilo liacheni kabisa. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyeivuta usingizini huenda asiamke.

Mnaniuliza kuhusu meko ya ethanoli, yale yasiyohitaji dohani. Mimi nayapenda. Ethanoli ni spiriti: unaimimina kwenye kopo la chuma, unawasha kwa njiti ndefu, na kinachoungua ni mvuke unaopanda kutoka juu yake. Ikiungua vizuri hutoa joto, mvuke wa maji na kaboni dioksidi. Jivu hamna, masizi hamna, moshi wa kuwatoa watoto machozi hamna. Lita 1 ina nishati ya megajuli 21 hivi. Yatosha sebule ndogo kwa saa mbili au tatu.

Ninachokijali zaidi ni Msitu wa Mau. Mto Molo, unaoteremka kwenda Ziwa Baringo, chanzo chake ni msitu huo, na kila gunia la makaa ni miti iliyoangushwa mahali fulani. Ethanoli inayotengenezwa Muhoroni hutokana na molasi, mabaki ya viwanda vya sukari. Kaboni inayotoka motoni ndiyo ile ambayo muwa uliivuta hewani ulipokua, na muwa ukikatwa huchipua tena. Sisemi ni safi mia kwa mia: majitaka ya kiwanda yakifika mtoni huua samaki, na lori la kuileta hunywa dizeli. Hata hivyo, kati yake na makaa, mimi nachagua ethanoli.

Sasa nisikilizeni. Usiongeze ethanoli moto ukiwaka, wala kopo likiwa bado na joto. Mchana mwali wake hauonekani vizuri. Utadhani umezimika, umimine, moto urukie chupa uliyoishika. Zima kwa mfuniko, ngoja kopo lipoe kabisa. Acha dirisha wazi kidogo, kwa sababu moto huu nao hula oksijeni ya chumbani. Spiriti usiiweke kwenye chupa ya soda, mtoto ataionja. Na usilale moto ukiwaka.

Usiyemudu meko haya, usione haya. Ongeza blanketi la pili, na jiko la makaa libaki nje.