Daftari Lisiloungua

Tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo lilishikwa na moto. Na tarehe 16 Januari 2022 likaungua soko la Karume, hapa Mchikichini. Daftari la chama likiwekwa kibandani, huteketea pamoja na mitumba. Kesho yake nani atajua aliyeweka akiba na anayedaiwa? Hapo ndipo ugomvi huingia. Basi tujifunze mambo matatu.

1. Daftari liwe na nakala. Majedwali ya Google hutumika bure kwa simu; gharama yake ni bando la intaneti tu. Yaliyoandikwa humo huhifadhiwa mbali, nayo husalia hata simu ikiungua.

2. Nakala isomwe na wote. Katibu na aandike, bali kila mwanachama apewe ruhusa ya kutazama. Hesabu iliyo wazi huzuia manung'uniko.

3. Ufunguo usiwe wa mtu mmoja. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na watu watatu hushika funguo, ili mmoja asilifungue peke yake. Vivyo hivyo neno la siri lisijulikane na katibu tu. Maana akifariki ghafula, hakuna mwingine awezaye kuandika humo.

Maswali ya kujibiwa chamani:
Moto ukitokea usiku huu, je, mwaweza kusema kila mmoja aliweka kiasi gani?
Ni nani washikao neno la siri?
Hesabu ilisomwa mbele ya wote lini?