Kasoro za Picha katika Kompyuta Ndogo na Namna ya Kuzisoma

Kompyuta ya bodi moja ni kompyuta kamili iliyojengwa juu ya bodi moja ya saketi, ambayo mara nyingi haizidi kiganja cha mkono kwa ukubwa. Mfano unaojulikana sana ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012. Bodi nyingi za aina hii huendeshwa na Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Mwanafunzi anaweza kuiunganisha bodi hiyo na skrini, kisha akaandika programu ya kuchora grafu ya matokeo ya maabara.

Hata hivyo, picha ya kwanza mara nyingi hutoka na kasoro: imeinama, rangi zake si zile zilizokusudiwa, au imekatika katikati. Ni rahisi kudhani kuwa skrini imeharibika, na kifaa kizima kikawekwa kando bure. Somo hili laonyesha kwamba umbo la kasoro hutaja chanzo chake, na kwamba hesabu kidogo hutangulia bisibisi.

Njia ya picha

Skrini ina nukta nyingi, ziitwazo pikseli, zilizopangwa kwa mistari. Rangi ya kila nukta ni namba iliyohifadhiwa katika kumbukumbu ya picha. Katika Linux, kumbukumbu hiyo yaweza kufikiwa kwa faili /dev/fb0. Siku hizi programu mpya hushauriwa kutumia mfumo uitwao DRM, lakini kanuni zinazoelezwa hapa hazibadiliki.

Kumbukumbu haina upana wala kimo. Ni mfuatano mmoja mrefu wa baiti. Programu huandika katika mfuatano huo, na saketi ya skrini huusoma, kwa kawaida mara 60 kila sekunde. Mwandishi na msomaji hawa sharti wapatane juu ya mambo matatu: urefu wa mstari, muundo wa namba ya nukta, na wakati. Wasipopatana, kasoro hutokea.

1. Picha iliyoinama

Tuchukue skrini yenye upana wa nukta 1,366, kila nukta ikiwa na baiti 4. Mstari mmoja wahitaji baiti 5,464. Saketi nyingi, hata hivyo, hupenda mistari inayogawanyika sawasawa, kwa mfano kwa 64. Basi mstari huongezwa hadi baiti 5,504. Tofauti ni baiti 40, yaani nukta 10. Programu isiyojua nyongeza hiyo itaanza kila mstari nukta 10 kabla ya mahali pake, na mstari wa wima utaonekana ukiinama kuelekea kushoto kadiri unavyoshuka.

Ni sawa na gwaride ambalo kiranja mmoja anahesabu wanafunzi 20 kwa mstari na mwingine 21: hakuna mwanafunzi aliyepotea, lakini safu zote zimekwenda upande. Dawa yake ni kutokadiria urefu wa mstari kwa kuzidisha upana, bali kuuliza mfumo. Jibu limo katika faili /sys/class/graphics/fb0/stride.

2. Picha mbili nyembamba

Ikiwa programu huandika baiti 2 kwa nukta, na saketi husoma baiti 4, mistari miwili ya picha huingia katika mstari mmoja wa skrini. Matokeo yake ni picha mbili zilizobanwa, zimesimama bega kwa bega katika nusu ya juu ya skrini, na rangi zake zimevurugika. Hapa yafaa kusoma faili ya bits_per_pixel iliyo katika saraka hiyo hiyo.

3. Rangi zilizobadilishana

Katika muundo wa biti 16, nyekundu hupewa biti 5, kijani 6 na buluu 5. Nyekundu kamili ni namba 63,488, na buluu kamili ni 31. Saketi ikisoma kwa mpangilio wa kinyume, nyekundu hugeuka buluu na buluu hugeuka nyekundu, lakini kijani, nyeupe na nyeusi hubaki zilivyo. Kwa hiyo picha ya kijani peke yake haiwezi kufichua kosa hili.

4. Picha iliyokatika

Kwa usomaji wa mara 60 kwa sekunde, kila mzunguko huchukua milisekunde 16.7. Programu ikibadilisha picha katikati ya usomaji, nusu ya juu huonyesha picha ya zamani na nusu ya chini picha mpya. Mpira unaotembea huonekana umekatwa kwa mlalo. Dawa ni kuchora katika eneo la pili la kumbukumbu, kisha kubadilishana maeneo wakati saketi imemaliza picha moja na haijaanza nyingine.

5. Kasoro isiyo na utaratibu

Kasoro nne zilizotangulia zina utaratibu unaoweza kuhesabiwa. Chembechembe zinazotokea ovyo, au skrini inayozimika na kuwaka, huelekeza mashaka kwenye waya au umeme usiotosha. Kabla ya kulaumu skrini, jaribu waya mwingine na chanzo kingine cha umeme.

Jaribio

Chora fremu nyeupe kuzunguka ukingo wa skrini, mstari mmoja wa wima katikati, na miraba mitatu: nyekundu, kijani na buluu. Fremu na mstari hupima urefu wa mstari. Miraba hupima muundo wa namba. Kisha usogeze mstari huo kulia polepole ili kupima wakati. Badilisha jambo moja tu kwa kila jaribio, na uandike matokeo kabla ya kuendelea. Anayebadilisha mambo mawili kwa pamoja huenda akapata picha nzuri, lakini hatajua ni lipi lililoiponya.

Maswali

1. Skrini ya nukta 800 kwa 480 yenye baiti 4 kwa nukta yahitaji baiti ngapi za kumbukumbu, ikiwa mistari haina nyongeza?
2. Programu huandika mistari ya baiti 3,200, na saketi husoma mistari ya baiti 3,328. Ikiwa kila nukta ni baiti 4, picha itakuwa imesogea nukta ngapi baada ya mistari 10?
3. Nyekundu na buluu zimebadilishana nafasi. Mraba wa manjano utaonekana kwa rangi gani? Eleza sababu.